Hodi Kati ya Miti Miwili

Hivi wewe, umewahi kuambiwa neno zito na mtu anayekuchekesha, ukacheka mpaka neno likapita na njia yake? Zuhra binti Akida lilikuwa limempita mara mbili. Asubuhi hiyo ya Jumatano, ndani ya boti iliyotoka Muganza kwenda kisiwa cha Rubondo, alikuwa anamwomba Mungu lije mara ya tatu.

Alikaa mbele, kamera kaipakata kama mtoto mchanga, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki na juu ya plastiki kanga. Nyuma yake alikaa shangazi yake, Bi Mwanaima, dada wa baba yake. Bi Mwanaima alikuwa kavaa jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa juu ya baibui, na juu ya jaketi kajifunga kanga nyingine, eti akizama asizame bila heshima. Mkononi kashika chupa ya chai ya tangawizi. Hakuiachia tangu walipotoka Buseresere alfajiri, kila mmoja juu ya pikipiki yake.

"Zuhra."

"Abee, shangazi."

"Hao masokwe wako wana nini ambacho maharusi wa Shinyanga hawana?"

"Hawaambiwi watabasamu, shangazi."

"He! Makubwa haya."

Lakini Zuhra alikuwa amesema kweli. Studio yake ilikuwa mjini Shinyanga, chumba kimoja chenye pazia jekundu, feni ya kusimama na kiti kirefu cha kukalishia watu wazima. Harusi, singo za mabibi harusi, vipaimara, vyote vilikuwa vyake. Kazi yake ilikuwa kusema, "Bibi harusi shusha bega, bwana harusi sogea, haya, cheka kidogo." Akasema hivyo mpaka akatamani apige uso mmoja tu ambao haukuamrishwa na mtu. Kwa hiyo mwenye hoteli mpya kule Geita alipomtaka picha kubwa za sokwe za kutundika mapokezi, Zuhra alikubali kabla mwenzake hajafunga mdomo.

Alishaenda Rubondo mara mbili. Mara zote mbili sokwe walimpa migongo. Aliporudi nyumbani hakuwa na picha ya maana, ila kichwani alikuwa amembeba mtu.

Mtu mwenyewe ni Bujiku, kijana anayewatangulia wageni msituni kutafuta sokwe walikolala na walikoelekea. Jina lake la msikitini ni Abdulshakur, lakini alizaliwa usiku, na kwa Wasukuma mtoto wa usiku ni Bujiku, basi jina likashika. Kwao Mwakitolyo. Kabla ya msitu alichimba dhahabu na kaka zake, akishuka duarani, shimo la machimbo, kwa kamba, na husema kule chini gizani ndiko alikojifunza kusikiliza. Ni mrefu, ana mwanya, na anatembea polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Sasa habari ya utani lazima niieleze, maana ndiyo iliyoleta kizaazaa. Babu mkubwa wa kina Zuhra alikuwa Mzigua wa kule pwani, aliyefika Shinyanga na biashara ya chumvi na vitambaa, akaoa, akabaki. Na Mzigua na Msukuma ni watani toka enzi za misafara. Mtani atakuita mlafi mbele ya mkweo, atakunyang'anya kofia msibani, na huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umeshindwa. Raha yake ndiyo hiyo. Ubaya wake ni kwamba neno la mtani halibebwi kwenda nalo nyumbani. Linachekewa hapo hapo na kuachwa hapo hapo.

Safari ya kwanza, Bujiku alimpokea gatini akiwa kajitwika ndoo ya maji, akapaza sauti, "Jamani, mke wangu kafika! Mbona mmechelewa kumleta?" Watu wakacheka. Zuhra akamjibu, "Mume gani ananuka tope? Rudi kwa ng'ombe zako!" Safari ya pili, chini ya mkuyu, akampa kuyu bivu kwenye jani, akasema, "Nikuoe, Mzigua, nife najua ladha ya pweza." Zuhra akacheka mpaka akakaa chini.

Ila baada ya hapo kila asubuhi, mtandao ukikubali, simu yake ilikuwa inaingia ujumbe wa sauti kutoka Rubondo. Hakuna maneno. Ni sokwe tu wanaitana alfajiri, wanaanza chini kwa chini, wanapanda, wanapanda, mpaka msitu mzima unalipuka. Zuhra alikuwa anaucheza studioni akiwa peke yake, halafu anaurudia. Siku moja mteja aliyekuja kupiga pasipoti alitoka mbio, akadhani nyuma ya pazia watu wanachinjana.

Na katikati ya hayo ikaja posa. Feisal wa Kahama, mwenye duka la vipuri vya pikipiki, mtu mpole, kwao wanajulikana. Akida alimwita binti yake sebuleni, shangazi akiwepo, akamuuliza. Zuhra akainamisha kichwa, akanyamaza. Angesema nini? Kwamba anamngoja mtu anayemtania? Shangazi akapiga kigelegele, maana mwari akinyamaza karidhia. Jibu lingepelekwa Kahama Ijumaa baada ya swala.

Boti ikapunguza mwendo. Gatini alisimama Bujiku, mikono nyuma, na pembeni yake Marwa, askari wa hifadhi, bunduki begani na kofia imekaa sawasawa.

"Shangazi, shikamoo," Bujiku akasema, akimshika Bi Mwanaima mkono ashuke.

"Marahaba. Wewe ndiye huyo Ngosha wa Kisukuma ninayesikia habari zako? Mbona mwembamba? Michembe, viazi vyenu vikavu, imekwisha Usukumani?"

"Michembe ipo, shangazi. Nyie Wazigua ndio mlipita mkala yote."

"Haa! Zuhra, umemsikia? Nishike vizuri, usinitupe majini, mla michembe wewe."

Wakacheka. Zuhra akashuka mwenyewe. Macho yake yakakutana na ya Bujiku, na kicheko cha kijana kikapungua kidogo, kama taa inapopunguzwa utambi.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja."

Bujiku akamgeukia Bi Mwanaima. Akafuta viganja kwenye suruali. "Shangazi, kwa kuwa leo umekuja mwenyewe, nina neno. Namtaka huyu. Nataka nimwoe."

Bi Mwanaima akapiga kofi kwa furaha. "Ewe! Utamweka wapi? Juu ya mti? Mtaambiana 'habari za asubuhi' kwa kurukiana matawi? Umechelewa, Ngosha. Huyu ana mwenyewe. Keshokutwa Ijumaa tunapeleka jibu Kahama. Tafuta sokwe mmoja mzuri uoe, sisi tutakuja kula ubwabwa!"

Alimpiga begani, akatangulia na chupa yake. Zuhra alibaki kasimama. Alimwona Bujiku akicheka, kwa sababu mtani lazima acheke, lakini mwanya haukuonekana vizuri. Halafu akainama akachukua begi la lenzi.

Kabla ya kuingia msituni Marwa aliwapanga mstari akasema masharti. Mwenye mafua asijifiche, anabaki. Barakoa kila mtu. Kamera isiwake taa. Msiwakaribie, msiwanyooshee kidole. Chakula kinabaki hapa.

"Hata kitumbua kimoja?" akauliza Bi Mwanaima.

"Hata nusu, mama."

"Nikizirai?"

"Nitakubeba."

Bi Mwanaima akamtazama juu mpaka chini, akaona kweli atabebwa, akatoa vitumbua mkobani kimoja kimoja. Vilikuwa vingi kuliko unavyodhani.

"Na la mwisho," Marwa akasema, "tukiwafikia, hakuna kuongea. Sokwe anavumilia mtu. Maneno ya mtu ndiyo yanamchosha."

Wakaingia. Msitu wa Rubondo unaanza ghafla, kama mlango umefungwa nyuma yako. Jua linabaki ziwani. Ndani ni kijani juu ya kijani, kamba za miti zimening'inia zimenona kama mkono wa mtu mzima, na chini majani yaliyooza yanatoa harufu ya chai iliyosahaulika kwenye birika. Bujiku alitangulia. Mara husimama, akainua kichwa. Mara huokota ganda la tunda, akalinusa, akaliweka alipolitoa. Alionyesha juu, kwenye vitanda vya matawi walivyolalia sokwe, majani yake bado hayajanyauka.

Safari zilizopita njia hii ilikuwa kelele tupu. "Mzigua, usiguse mti huo, mti wa babu yangu." "Babu yako alikuwa nyani?" Leo kimya. Zuhra alikuwa akiutazama ule mgongo mrefu unaoteleza kati ya miti, akausubiri ugeuke umtupie neno, hata tusi. Haukugeuka. Hakujua kama mtu anaweza kulilia tusi. Siku hiyo alijua.

Ghafla, upande wa kushoto, pakapigwa ngoma. Du! Du-du! Halafu yowe.

Bi Mwanaima akamkamata Marwa mkono.

"Huyo ni Kondakta," Bujiku akanong'ona, kavuta barakoa juu. "Dume kijana. Anagonga mizizi ya mti kama kondakta anavyogonga bati la basi. Hapo watu wapo."

Sokwe hao aliwaita watu. Shangazi na Marwa wakakaa kwenye gogo. Zuhra na Bujiku wakaenda mbele kwa magoti, pole pole, mpaka kwenye uwazi mdogo chini ya mkuyu uliozaa. Bujiku akakaa. Akamwonyesha kwa mkono: kaa, usiwakodolee, chambua majani, jifanye una shughuli zako. Zuhra akaanza kuchambua majani kama mtu anayechambua mchicha.

Wakashuka mmoja mmoja. Kwanza jike mpana wa uso mweupe mweupe, ambaye Bujiku alimpa jina la Mbuke, mtoto kamng'ang'ania tumboni. Akatazama wageni, akawaona ni wachuma mboga, akaendelea kula. Zuhra akainua kamera. Mazoea yakamshika, akajikuta ananong'ona, "Shusha bega..."

Bujiku aligeuka. Macho yake yalicheka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Zuhra akapumua. Lakini hayakuondoka. Yalibaki pale usoni kwake. Unajua, siku zote alikuwa akiuangalia mdomo wa Bujiku, kwa sababu mdomo huo haukukosa kituko. Leo mdomo umefunikwa, macho yamebaki peke yake, na macho ya Bujiku hayakujua utani hata kidogo. Yalikuwa yanamtazama kama mtu anayeaga gari. Zuhra akahisi moto unapanda kutoka shingoni. Akajificha nyuma ya kamera.

Pale pale Kondakta akaruka katikati, nywele zimesimama, akamnyang'anya Mbuke tawi lenye kuyu na kumpiga kofi la mgongo. Mbuke akapiga ukunga uliokata masikio, akamkumbatia mwanawe, akaenda kukaa mbali, kawapa wote mgongo. Msitu ukanyamaza. Kondakta akabaki na tawi lake. Akala moja. La pili halikupita. Akalitazama tawi, akamtazama Mbuke.

Zuhra alitaka kushusha kamera. Bujiku akamgusa kiwiko kwa ncha ya kidole. Subiri.

Kondakta akaliacha tawi chini. Akaenda, si kwa kuruka tena, kwa kuburuta matako kidogo kidogo, mpaka nyuma ya Mbuke. Akanyoosha mkono, kiganja juu, vidole vimelegea. Akautuliza hapo.

Mbuke hakugeuka. Mkono ukabaki hewani. Inzi akatua juu yake, mwenye mkono hakumfukuza. Zuhra alisahau kupumua, alisahau hoteli, alisahau Kahama. Mwishowe Mbuke akageuza kichwa, taratibu, kama mke aliyekwisha samehe ila hataki ijulikane. Akauangalia ule mkono. Akaushika kwa vidole vyake vyeusi na kuuweka mdomoni, akaubusu. Mtoto naye akanyoosha kamkono.

Kamera ikalia. Ikalia tena na tena. Kioo kikawa na ukungu, na Zuhra akagundua ni machozi yake.

Marwa akapunga kofia kwa mbali. Muda umekwisha.

Walirudi mpaka kijito kinapokatiza njia. Hapo wakaruhusiwa kuvua barakoa. Bi Mwanaima akakaa kwenye jiwe akivua viatu, Marwa akainama kunawa. Zuhra alimfuata Bujiku hatua chache pembeni.

"Mbona umenyamaza hivyo?"

"Barakoa."

"Umeshaivua."

Bujiku akaikunja ile barakoa, akaikunja tena, ikabaki kama kipande cha pipi. "Hongera ya posa."

"Nani kakuomba hongera?"

"Hakuna. Nimetoa sadaka."

"Bujiku!"

"Nimekwambia mara ngapi, Zuhra? Nimekwambia gatini, nimekwambia chini ya mkuyu, leo nimesema mbele ya shangazi yako. Kila mara mnacheka."

"Ulikuwa unatania!"

"Nilikuwa nasema."

"Ulisema unanioa huku umejitwika ndoo!"

"Ndoo ilikuwa ya kweli, na neno lilikuwa la kweli."

Hasira na furaha zilimpanda Zuhra pamoja, hakujua aanze na ipi. "Sasa mimi ningejuaje? Wewe mtu kila neno lako ni kichekesho!"

"Ndipo niliposhindwa hapo. Nikikunja uso unasema leo umezidisha, Ngosha. Nikicheka, unacheka. Nikaona bora nikutumie sauti za sokwe. Wao si watani wako. Wao labda ungewasadiki."

"Nilikuwa nasikiliza kila siku," Zuhra akasema. "Kila siku. Nikawa nangoja mwisho wake uongeze neno moja."

"Neno gani?"

"Si ungeliongeza!"

"Nyie watoto!" Bi Mwanaima akawapazia sauti kutoka kwenye jiwe. "Mnagombana au mnataniana?"

"Tunagombana!" wakajibu kwa pamoja.

Bujiku akamwacha Zuhra, akaenda mpaka mbele ya jiwe, akapiga goti moja kwenye matope. "Shangazi. Nimempenda Zuhra. Naomba kumwoa."

Bi Mwanaima akaangua kicheko, akajishika mbavu. "Angalia goti! Yarabi, huyu Msukuma ataniua. Na machozi kayapaka kabisa! Hebu ongeza na kamasi..." Akacheka peke yake. Akatazama kushoto na kulia akitafuta mwenzake wa kucheka naye, akakuta Zuhra anamtumbulia macho na Marwa amesimama wima, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Mama," Marwa akasema, "unacheka nini?"

"Si ni utani, baba?"

"Mimi sijasikia utani."

"Wewe wa wapi?"

"Tarime."

"Aa. Nyie hamjui mambo haya. Sisi na hawa ni watani."

Marwa akafikiri. Mtu mmoja taratibu sana huyu. Akaivaa kofia, akaweka bunduki begani sawasawa, akarudi nyuma mpaka palipokuwa na miti miwili iliyosimama karibu karibu kama mihimili ya mlango. Akasimama upande wa pili.

"Hodi!" akasema.

Bi Mwanaima akatazama huku na huku.

"Hodi!" Marwa akarudia, kwa sauti ile ile.

Sasa mwanamke wa Shinyanga, wa nyumba yenye watu, mtoto wa Mzigua, hodi haimpiti. Mdomo ukajibu kabla ya akili. "Karibu."

Marwa akainama kama anayeogopa kugonga kichwa kwenye kizingiti, akapita kati ya miti, akasimama mbele yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Na hapo Bi Mwanaima akajishika, akashusha miguu kwenye jiwe, akavaa viatu, akatandaza kanga mapajani. Mgeni aliyepiga hodi hapokelewi umekaa miguu wazi. "Kaa... basi kaa hapo kwenye mzizi."

"Nashukuru. Naitwa Marwa. Si ndugu yenu, si mtani wenu. Nimetumwa na kijana wa nyumba ya pili."

"Nyumba ya pili ipi?"

"Ile pale." Akaonyesha mti alikokimbilia Bujiku kujisitiri. Goti lenye tope lilikuwa linaonekana. "Amesema nije niwaambie anamtaka binti yenu."

"Hivi ndivyo inavyosemwa?" Bi Mwanaima akahamaki. "Unaingia tu, puu! Kwanza unauliza hali. Unauliza kama mlango una mwenyewe. Ndipo unasema ulichotumwa."

"Hali zenu?"

"Alhamdulillahi."

"Mlango huu una mwenyewe, mama?"

Bi Mwanaima akafungua mdomo kusema "unaye". Hakusema. Aliiangalia chupa ya chai, akamwangalia Zuhra aliyesimama ukingoni mwa kijito, kamera kifuani, uso umelowa. Mtoto huyu yeye ndiye aliyemwogesha tangu ana siku arobaini.

"Umebishwa hodi," alisema polepole. "Haujafunguliwa."

"Basi na sisi tunabisha."

"Huyo kijana wako anaswali?"

"Mimi Mkristo, na kila alfajiri ananiamsha mimi."

"Anakunywa?"

"Maji ya hapa."

"Ana hasira?"

"Sokwe walimrushia mavi wiki iliyopita, akawaambia asanteni."

Bi Mwanaima akauma midomo asicheke. Kwa Mkurya asiye mtani wake, kucheka katikati ya posa ni aibu. "Atamweka wapi mtoto wa watu?"

"Ana nyumba Muganza, vyumba viwili na ukumbi. Kando yake kajenga chumba cha tatu, dirisha kaliweka upande wa jua la asubuhi. Nilimuuliza, chumba cha nini mtu mmoja wewe? Akasema, cha kupigia picha."

Zuhra akamtafuta Bujiku kwa macho, na Bujiku alikuwa ametoka nyuma ya mti, kaishika kofia yake kwa mikono miwili, hana cha kuficha tena. Hakutabasamu. Alisimama tu, anatazamwa, kama mtu aliyekubali apigwe picha jinsi alivyo.

"Marwa," Bi Mwanaima akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya shangazi wa ukoo, "ujumbe umefika. Mwenye kauli ni kaka yangu. Atauliza kabila, ingawa kabila lenyewe analicheka kila siku sokoni. Atasema Feisal alitangulia. Atasema mtu anayeshinda na wanyama atajua nini cha mke. Mimi nitamwambia niliyoyaona. Lakini kuna jambo moja sina." Akamgeukia mwari wake. "Zuhra, njoo."

Zuhra akaja, akapiga magoti mbele ya jiwe, kama desturi.

"Sikiliza. Sisi kwetu mwari akiulizwa akanyamaza, tunasema karidhia. Ndivyo nilivyoozwa mimi, na bibi yako. Wewe tulikuuliza habari ya Feisal, ukanyamaza. Nikapiga kigelegele mimi mwenyewe, kwa mdomo huu. Sasa nakuuliza habari ya huyu. Ukininyamazia na hapa, nikirudi nyumbani nitakuwa na vimya viwili mkononi. Nimpe baba yako kipi?"

Zuhra akatazama chini. Tangu utotoni alifundishwa kwamba msichana mwema swali hili hulijibu kwa kuinamisha kichwa, na kichwa chake kilikuwa kinajiinamia chenyewe. Upande wa pili wa kijito Bujiku hakusogea. Juu ya miti, mbali, sokwe walikuwa wameanza tena, chini kwa chini, wanapanda.

"Kimya cha kwanza hakikuwa ndiyo, shangazi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akaikohoa, akainua uso. "Nilikuwa nangoja mtu. Na hiki cha leo sikupi. Mwambie baba namtaka Bujiku. Mwambie nimesema kwa mdomo wangu, wala sikuulizwa mara mbili. Na Feisal nitampigia mimi mwenyewe, nimwombe radhi. Namtaka huyu, shangazi. Nilimtaka tangu siku ya ndoo."